Macho ya Zimamoto

4 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Mgongo unasemaje? Cherehani haijakuchosha?

Mwandiko huu si wangu. Anaandika jirani yangu muuguzi, mimi nasema tu. Jana nilipigwa leza macho yote mawili. Najua ulinikataza, lakini kikosi cha zimamoto hakinichukui na miwani. Barakoa ya moshi haikai juu yake. Daktari alimaliza kabla sijamaliza dua. Sasa yanawasha kama yametiwa pilipili, na nimekatazwa kuyafikicha. Usiogope.

Mwanao

Mama, mimi jirani naongeza langu: anakwambia usiogope, huku mkono wake umeng'ang'ania wangu. Ila hajayafikicha hata mara moja.

15 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo upo, unauma kwa adabu.

Nilikukataza kwa sababu macho hayana spea. Lakini maji umeshayavulia nguo, yaoge. Wewe uliyekuwa huwezi kungoja uji upoe, leo unawashwa na hujikuni! Nani kakufunza? Mshukuru sana jirani. Na niambie kweli: unaona?

Mama yako

2 Mei

Mama,

Shikamoo. Nisamehe kwa ukimya. Sikuwa na la kukwambia.

Jicho la kushoto lilitulia mapema. La kulia likabaki na ukungu, taa nikiziona zina ndevu. Daktari akasema, "Linapona, ila halina haraka." Kuna siku nililia huku nimekalia mikono yangu, nisije nikalifikicha. Kila asubuhi nilisimama dirishani kusoma kibao cha kinyozi ng'ambo ya barabara. Wiki iliyopita nikaona kila herufi, hata kosa lake: "Knyozi Bora".

Nikaenda kwenye mtihani. Wakanivisha barakoa, wakaniingiza chumba cha moshi nikatafute sanamu la mtu. Nikaona kisigino chini ya meza. Nikalivuta, nikalibeba mgongoni hadi nje. Mkuu wa kikosi akasema, "Kachukue sare."

Mwanao

14 Mei

Zimamoto wangu,

Marahaba, tena marahaba!

Nimeisoma barua yako kwa sauti hapa barazani kwa mafundi. Mwenzangu mmoja akauliza, "Huyu binti hajui hofu?"

Nikamwambia, "Anaijua sana. Ndiyo maana namvulia kilemba."

Nasikia sare hizo hukatwa kwa vipimo vya wanaume. Ikikupwaya, usimpe fundi mwingine aiguse. Niletee mimi.

Mama wa zimamoto