Barua Zisizo na Tarehe

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeandika tena tarehe kwenye barua ya mtu mwingine. Nimeandika kama nilivyoambiwa, halafu nikaenda kunawa mikono. Nikanawa tena. Sijui kwa nini.

Niliweke jambo hili sawa, angalau humu. Utafiti wetu ni wa wanaume wenye saratani ya tezi dume iliyokwisha kusambaa mifupani. Wote wanachomwa sindano ya homoni. Nusu yao wanaongezewa vidonge vipya. Kazi yangu ni faili – kupanga, kugonga muhuri, kuingiza kwenye kompyuta. Mwezi wa nne sasa.

Mgonjwa akija siku ya kwanza anatia sahihi karatasi tano. Nne nazielewa. Ya tano ni barua ya kusema ameamua kwa hiari yake kujitoa kwenye utafiti. Haina tarehe. Mtu anajitoa siku ileile anayoingia! Nilipoanza kazi nilimuuliza mratibu. Akasema wazee wakishaacha dawa hawarudi kutia sahihi, heri kuwa nayo mapema, ni utaratibu tu. Kwake kila kitu ni utaratibu tu. Maabara wanamwita hivyo hivyo, Utaratibu, na anaitika.

Ya leo ilikuwa ya fundi viatu, yule mzee ambaye siku ya kutia sahihi alikitazama kiatu changu cha kushoto akasema nacho kimeomba kujitoa. Mratibu akaniambia niweke tarehe ya Ijumaa, kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka. Alikuwa anatafuna karanga juu ya faili. Maganda yameingia katikati ya kurasa. Nimeyapuliza. Mengine yamenata kwa mate. Kinyaa.

Jumatano, 5 Machi

Mke wa fundi viatu amekuja. Si kurudisha vidonge – kuuliza kama mumewe aendelee kuvimeza akiwa kitandani. Hajajitoa popote. Alikuwa anainuka kitini, akaanguka, nyonga ikavunjika. Ni mara ya tatu kuanguka, na kila mara walipiga simu hapa, wakaambiwa apumzike. Ameniomba nimwambie daktari asimpe mtu mwingine nafasi ya mzee. Nikasema nitamwambia.

Alipoondoka nikafungua kabati. Barua tisa zimeshatiwa tarehe. Nane ni za kundi la vidonge. Nikachukua daftari la simu, tunamoandika kila anayepiga. Kati ya hao nane, sita walipiga kusema wameanguka. Kwenye kompyuta wote wamejitoa kwa hiari. Na pale palipoandikwa madhara, kuanguka: sifuri. Hiyo sifuri niliiandika mimi.

Mwongozo wa utafiti unasema wazi: akianguka mmoja, apimwe mifupa, apewe dawa ya kuiimarisha. Wakianguka watano, wote wanaomeza vidonge wapimwe. Lakini kwetu hajaanguka mtu. Kwa hiyo hajapimwa mtu.

Na vidonge vinafanya kazi! Hilo ndilo linalonichefua zaidi. Majibu ya damu yanashuka, wazee waliokuja wameshikiliwa huku na huku sasa wanabishana mpira kwenye benchi. Kulikuwa na haja gani ya kuongopa?

Alhamisi, 6 Machi

Nimemwambia mratibu.

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alifunga mlango taratibu, akasema daktari mkuu mwezi ujao anakwenda kusoma matokeo mbele ya wenzake, na mbele ya watu wale sifuri inapendeza. Akasema wazee huanguka hata wakinywa maji matupu. Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza saa, tarehe zote tisa ni mwandiko wa nani.

Nikasema wangu.

"Basi tulia, binti yangu."

Binti yangu! Ganda la karanga limemganda jinoni, na anatabasamu. Na mimi nikafanyaje? Nikasema asante. Nimelirudia neno hilo kichwani siku nzima, kama mtu aliyemeza nzi na bado anamsikia.

Jumapili, 9 Machi

Nilikwenda nyumbani kwa baba mkubwa. Ni yeye aliyenilea tangu baba alipofariki. Mama mkubwa akanivuta jikoni, akafungulia bomba ili tusisikike, akasema mzee ana tezi. Hakulimalizia neno. Imeshaingia mifupani. Mwaka mzima alikuwa anasingizia godoro – wamebadilisha magodoro mawili, kumbe mgongo wenyewe.

Halafu akafunga bomba, akapaza sauti makusudi: "Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Baba mkubwa akajibu kutoka sebuleni kwamba yeye bado hajaumbuka, ni godoro tu lililoumbuka. Wakacheka wote wawili. Mimi nikasugua sufuria iliyokuwa safi.

Hospitali imeshamwelekeza kwetu. Jumanne. Mama mkubwa anashukuru Mungu kwamba nipo mle ndani, kwamba mzee hatakuwa mgeni. Yeye baba mkubwa hazungumzi nami mambo hayo, na atazungumzaje? Alinisuka nywele nikiwa darasa la pili. Lakini mimi nazijua fomu. Najua ataulizwa kuhusu mkojo, kuhusu ndoa yake, na majibu nitayaingiza mimi.

Kaniuliza moja tu, anafunga kamba za viatu: hizo dawa ni nzuri?

Nikasema zinafanya kazi.

Ni kweli. Sikuongopa. Na nimejiona kama niliyemwandalia chakula kilicholala, nikampa na kijiko.

Jumatatu, 10 Machi

Mratibu ameliona jina la ukoo kwenye orodha. Amesema atamhudumia mwenyewe, kama baba yake mzazi. Akanisogezea karanga. Nimezila! Mbili. Nilishindwa kukataa. Sina la kuandika zaidi.

Jumanne, 11 Machi

Niko choo cha wafanyakazi, nimekalia mfuniko, daftari gotini. Harufu ya dawa ya choo. Niandike upesi.

Baba mkubwa alikuja na koti lake na kalamu yake mwenyewe. Alikuwa mpima ardhi miaka thelathini, hatii sahihi kwa kalamu ya mtu. Mratibu akaniweka nikae kando yake, eti mgonjwa akimwona ndugu hupata moyo. Baba mkubwa akasoma kila mstari kwa kidole. Karatasi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwenye ya nne akasimama kwenye neno kuanguka. Akauliza wameshaanguka wangapi.

"Mpaka sasa, mzee, hata mmoja."

Baba mkubwa akanigeukia. Alinitazama tu, kama alivyokuwa akinitazama nikileta ripoti ya shule. Nami nikautazama muhuri.

Akasoma ya nne mpaka mwisho, akatia sahihi. Ya tano hakuisoma. Akasema, kama binti yake yupo humu, ana haja gani ya kuchosha macho? Akatia sahihi. Ilikuwa ile barua.

Kompyuta ikampangia kundi: vidonge. Mratibu akampa mkono wa hongera. Mimi nikapewa karatasi tano nikagonge muhuri. Nimegonga nne. Ya tano imo humu, kati ya kurasa hizi. Nilitoka nayo bila kusema kitu.

Naweza kuichana, niitumbukize, nivute maji. Atatia sahihi nyingine kesho, na fundi viatu bado kalala na nyonga yake. Naweza kupanda ghorofa ya tatu, kamati ya maadili, na hii, na daftari la simu, na zile tisa. Tisa zenye mwandiko wangu. Ngazi ziko hapa nje.

Wanagonga. Mratibu. Anasema karatasi ziko nne, kwa upole uleule. Ana hakika nimo.

Sasa viatu vingine, vya polepole. Ni baba mkubwa.

"Fungua, mwanangu. Niletee ile niliyotia sahihi bila kusoma. Uso wako naujua."

Mratibu anamwambia mzee, ni utaratibu tu. Baba mkubwa amechoka kusimama, ameuegemea mlango, nauona ukibonyea kuja kwangu. Unafungukia ndani. Nikivuta ghafla ataanguka.

Nimemwambia asimame vizuri kwanza, ashike ukuta. Barua nimeichomoa kwenye daftari. Nimeshika komeo.