Barua Iliyolala Kwenye Droo ya Cherehani

Chumba cha mavazi,
Nyuma ya ukumbi wa maigizo,
Jumapili, tarehe 14.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu nyingi za dada yako. Hujambo? Kifua kimepoa, au bado unalala umeegemea ukuta? Huko kambini kwenu simu hazishiki, basi naandika, na univumilie mwandiko, maana mkono wangu umezoea sindano kuliko kalamu. Mimi ni mzima wa mwili. Mama hajambo ila magoti, na anakula kutushinda sote.

Habari za hapa nyumbani si njema. Nitakueleza kwa mpangilio, kwa sababu nikianzia mwisho hutamaliza kusoma.

Mchezo tuliokuwa tukiuandaa ni ule wa zamani wa vijana wawili wapendanao ambao wazee wao hawapatani. Mwisho wake unaujua: barua inachelewa, wanakufa wote wawili. Mwanao Kasuku ndiye aliyecheza msichana, na jina lake la utani alilitendea haki, kwani maneno yote aliyameza kwa wiki moja. Fundi taa alikuwa yule kijana wake, mtoto wa seremala, huyu jirani tusiyesemezana naye tangu ajenge ukuta ndani ya mpaka wetu. Watu walikuwa wakimtania kwamba taa za ukumbi mzima zinamfuata Kasuku hata asipokuwa na la kusema.

Barua yako ya kumkubali kijana ilifika Jumatatu, kwa jina langu kama kawaida. Ulisema ukuta ubaki ulipo, waje kuposa. Niliisoma mara mbili na machozi yakanitoka kwa furaha. Lakini siku hiyohiyo tulianza mazoezi ya mavazi, na desturi ya ukumbi wetu umenisikia nikiisema mara nyingi. Tangu mavazi yavaliwe hadi pazia la mwisho, mwigizaji haambiwi habari yoyote ya nyumbani, iwe ya msiba au ya harusi, asije akapanda nayo jukwaani. Miaka ishirini nimeisimamia desturi hiyo, na waliotaka kuivunja niliwafukuza mlangoni. Nikaitia barua kwenye droo ya cherehani, nikajiambia Jumamosi si mbali.

Jumatano nilikuwa nalipunguza gauni la Kasuku kiunoni, na waigizaji wakibishana kama kawaida yao: nani hasa aliwaua wale vijana? Mwongozaji akasema ni nyota yao tu. Mama wa chai akasema ni wazazi, tena angekuwa yeye angewachapa. Kasuku akaniinamia.

"Shangazi, wewe kila siku unasema ni kudra. Kudra gani sasa? Ile barua si kuna mtu alikuwa nayo?"

Nilikuwa na pini mdomoni, nikashukuru kuwa nazo.

Sikujua, na wala sikuuliza, kwamba kijana alikuwa amepata kazi ya kusimamisha nguzo za umeme, mbali sana. Yeye na Kasuku walikuwa wamekubaliana kwamba jibu lako lisipofika hadi Ijumaa asubuhi, basi umekataa, na yeye aende zake akatafute maisha. Ijumaa akamkabidhi mwenzake taa, akaondoka.

Hayo niliyajua Jumamosi, pazia lilipokwisha kufungwa. Hapo desturi haikunizuia tena. Kilichonizuia kilikuwa woga. Nikasema moyoni, atarudi likizo, nami nitasema barua imefika jana. Nikaisukuma droo ikajifunga.

Siku ya tisa tangu aondoke, kijana aliteleza kutoka juu ya nguzo. Alikufa kabla hawajamfikisha hospitali.

Seremala alimtengenezea mwanawe jeneza kwa mikono yake. Tulisikia randa kutwa nzima upande wa pili wa ukuta. Makaburini alinipa mkono, wa kwanza kwa miaka kumi na mmoja, akasema ndivyo ilivyoandikwa. Nami nikaitikia, mdogo wangu. Niliitikia, huku najua droo yangu ina nini.

Jana nilimpa Kasuku barua yako. Aliisoma amesimama, akauliza ilifika lini. Nikamwambia Jumatatu. Akauliza Jumatatu ipi. Nikamwambia. Akaikunja vilevile ilivyokuwa imekunjwa, akakaa kwenye kiti changu, akachukua lile gauni na kuanza kulifumua, mshono mmoja baada ya mwingine. Nilisimama pale mpaka miguu ikaniuma. Sidhani kama atanisamehe, wala sijapata uso wa kumwomba.

Amenituma neno moja tu kwako: kwamba alikuchukia wiki mbili bure, na anakuomba radhi. Kunihusu mimi hakusema kitu.

Mama anakusalimu. Yeye bado hajaambiwa habari ya barua. Nisalimie wenzako wa kambini, hasa yule mpishi aliyekuuguza kifua. Mungu akuweke, na akujalie uwe umekaa unapoyasoma haya.

Ukimwandikia mwanao, andika jina lake mwenyewe juu ya bahasha, akaichukue posta kwa mkono wake. Usiipitishe kwangu.

Dada yako akupendaye,
Mama Sindano