Mawe ya Baba kwenye Njia ya Nzega

Alhamisi, 2 Agosti
Nimeziba pancha tatu. Nimepewa kazi ya Jumamosi: nifuate wakimbiaji kwa baiskeli, nitazame asiyefuata barabara. Ujira ni kofia. Mpwa wangu Maganga anakimbia. Akivunja rekodi ya Tanganyika ya maili kumi, atapelekwa Dar es Salaam akachaguliwe timu ya nchi. Asipovunja, atarudi kwenye magunia ya stesheni. Mama yake, dada yangu, hali chakula vizuri. Anamtazama tu.

Jumamosi, 4 Agosti
Ameivunja!
Lakini nimeona na jingine. Baada ya daraja ndipo alipozikwa baba yangu, babu yake Maganga, mpagazi wa msafara aliyeanguka na pembe ya ndovu ya wenyewe begani. Msalaba hana, ana rundo la mawe ng'ambo ya mtaro. Wapita njia hurusha jiwe. Sisi wa ukoo haturushi, hatufukuzi mbwa. Tunakwenda kuliweka kwa mkono. Maganga alikuwa na jiwe kiganjani tangu mwanzo. Karuka mtaro, kaliweka, karudi palepale alipotokea. Konstebo mmoja wa polisi, mkimbiaji mwenzake aliyekuwa nyuma yake, akampita. Maganga akamfikia, akampita tena kabla hatujaingia mjini.

Jumapili, 5 Agosti
Rekodi imekataliwa. Konstebo ndiye aliyeshitaki. Bwana Saa, Mzungu anayepima muda, anasema atokaye barabarani ametoka mashindanoni. Nikamwomba karani amweleze kwamba kijana alipoteza muda, hakuiba. Karani akatafsiri kirefu. Jibu likaja fupi: "Njia ni njia."
Baba yangu alikufa kwa maneno hayohayo; msafara haukumngoja.

Jumatano, 8 Agosti
Mbio zitarudiwa Jumamosi. Bwana Saa mwenyewe kakubali; si mtu mbaya. Mtaa wetu wa Gongoni mzima sasa ni walimu wa mbio. Muuza kahawa kaja hadi kibandani kwangu: "Fundi, mwambie mpwao amrushie babu kwa mbali. Wafu hawashiki saa."
"Na wewe babako humrushia ugali kwa mbali?"
Kahawa ya leo kaniuzia baridi.

Ijumaa, 10 Agosti
Dada alipata dawa: jiwe liwekwe leo, kesho kijana apite bila deni. Tukaenda watatu.
Rundo halipo. Wamelisomba kwa lori, mawe wamejazia mashimo ya barabara, wakashindilia. Msimamizi wa vibarua anajisifu. Amri ya Bwana Saa, anasema, kwa wema, ili kijana asiwe na sababu ya kutoka njiani.
Wema.
Dada kakaa mtaroni. Hakulia. Maganga hakuweka jiwe, hakulitupa pia. Wakati wa kurudi tulizunguka porini sote, tusiyakanyage mawe ya baba.

Jumamosi, 11 Agosti
Maganga aliongoza hadi darajani. Alipofika penye mawe mapya akasimama. Konstebo akampita, wengine wakampita. Bwana Saa kwenye gari akapaza sauti, "Kimbia! Kimbia!" Sikujua kama anakijua Kiswahili.
Maganga akaruka mtaro, akashika pori, akaenda zake nyumbani. Mimi nikabeba baiskeli begani, nikamfuata. Kofia nikaiacha barabarani.
Konstebo kashinda, rekodi hakuivunja. Nimefurahi. Ni roho mbaya, ninayo.

Jumatatu, 20 Agosti
Maganga yuko stesheni, anabeba. Mbio hazitaji, nami simuulizi.
Jioni nimepita barabara ya Nzega. Vumbi tupu. Ng'ambo ya mtaro, pale pale, kuna jiwe moja dogo, la kiganja.
Nikashuka nikatafuta langu. Sasa yapo mawili.