Mguu Unaolala Garini

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na shemeji na watoto wote. Natumaini mgongo wako umetulia na kwamba binti yako ameacha kukohoa. Sisi huku tunakula na kulala, na wifi yako anakusalimu sana. Ukiniuliza hali yangu mwenyewe, nitakujibu kama wanavyojibu wagonjwa wakaidi: sijambo. Lakini nakuomba uisome barua hii mpaka mwisho, maana jambo lenyewe nimeliweka chini, kama muuza nyanya anavyoweka zile mbovu.

Kazi yangu unaijua. Nasimama kwenye lango la ghala, na hakuna gunia linalotoka bila kupita machoni pangu. Ukikaa langoni miaka mingi, hata mtu akikusalimu kwa uchangamfu unajiuliza amebeba nini kwapani. Wewe ndiwe uliyenipa jina la Mkaguzi, tangu enzi zile nilipokuwa napima vipande vya nyama kwa macho kabla sijachagua changu. Jina limeganda. Wifi yako naye hulitumia, hasa akikasirika.

Sasa basi, gari letu lilianza kuchoka. Unakanyaga mafuta, injini inanguruma kama inakwenda mbio, gari lenyewe linajikokota. Kwenye kile kilima cha kuelekea kazini likawa linapitwa na wenye baiskeli, na ndani kukanuka harufu ya kitu kinachoungua. Hata mtoto angejua ni klachi. Kilichonichoma ni kwamba klachi ile ilikuwa mpya. Haikuwa imetimiza mwaka tangu ifungwe na fundi wetu wa siku zote, yule tunayemwita Kimya kwa sababu anaongea kama anayelipia kila neno. Nami siku zote husema kimya kingi kina mshindo mkuu. Nikajua tu: mtu huyu alinifungia klachi kuukuu, ile mpya akampelekea mwingine.

Ila sikuwa nimelala. Siku ile ya kwanza, kabla hajaifunga, nilikuwa nimeichukua diski mpya ya klachi nikijifanya naishangaa, nikaikwaruza alama ndogo ya msalaba pale katikati kwa ncha ya msumari. Hakuna aliyejua, hata wifi yako. Kwa hiyo nilipopeleka gari mara hii nilikwenda kama askari mwenye ushahidi mfukoni. Niliomba ruhusa kazini, nikafika gereji na mabuti yangu ya ghalani, nikavuta kigoda nikakaa karibu na Kimya mpaka akawa ananigonga na kiwiko.

Dada, kubadilisha klachi kwenye gari linalovutwa na magurudumu ya mbele si mchezo. Giaboksi imebanana na injini, vyote vimelala kukingama chini ya boneti, na huwezi kuifikia klachi mpaka uitoe giaboksi yenyewe. Kimya alitoa betri, akainua gari kwa jeki na kuliweka juu ya vigingi vya chuma, akavua magurudumu. Akamwaga oili ya giaboksi, akachomoa shafti mbili zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu, kulia na kushoto. Halafu akaegemeza injini juu ya gogo isije ikaning'inia, akafungua bolti za giaboksi moja moja, akaivuta pembeni na kuishusha kifuani kwake, polepole, kama mtu anayepokea mtoto aliyelala. Nilitamani kumsifu. Nikajizuia, maana wezi hodari ndio wanaosifiwa.

Klachi ilipotoka nilimnyang'anya diski mkononi, sikungoja hata aifute. Ilikuwa imelika mpaka kwenye vichwa vya ribiti, vile vimisumari vinavyoishikilia, na lile gurudumu zito la injini inalokamatia lilikuwa limegeuka rangi ya bluu kwa moto. Nikapangusa katikati kwa kidole changu. Alama ya msalaba ilikuwepo. Kazi ya mkono wangu, na msumari wangu.

Mtu mwingine angefurahi kugundua kwamba fundi wake ni mwaminifu. Mimi nilisononeka. Kama klachi ilikuwa mpya kweli, na imeisha namna hii, basi yupo aliyeimaliza. Nikamuuliza Kimya inawezekanaje. Akaigeuza ile diski, akaligeuza na lile beringi linalosukumwa na pedali, ambalo lilikuwa likilia kama kipanya, akasema maneno yake ya siku nzima: kuna mguu unalala humu. Kisha mteja akamwita, akaenda zake akaniacha na sentensi hiyo mapajani.

Ningeweza kumfuata nimuulize ana maana gani. Lakini wewe unanijua, naona haya kuuliza jambo ambalo nadhani nimekwisha kulielewa. Mguu unalala humu. Mguu wa nani? Asubuhi naendesha mimi kwenda kazini. Alasiri wifi yako analichukua kupeleka mashuka anayoshonea nyumba za wageni. Mimi silali garini. Basi nani analala?

Wakati wa kufunga klachi mpya pakazuka jambo lingine. Kifuniko kinachoibana ile diski hushikwa na bolti sita fupi, na Kimya alikuwa amezitia zote kwenye kisahani, juu ya gurudumu lililolazwa hapo hapo karibu na miguu yangu, nami nikakiegemezea mguu kukilinda. Akalenga diski katikati kwa kijiti chake, akaanza kukaza bolti kwa kupishana, hii kisha ile ya upande wa pili. Ikapungua moja. Tukaitafuta chini ya gari, kwenye matambara, kwenye oili. Nikasema kwa sauti, ili gereji nzima isikie, kwamba vitu havina miguu.  Kimya aligeuza mifuko yake nje mbele yangu, yote miwili. Kisha akatafuta nyingine kwenye kopo lake, akafunga. Giza likawa linakaribia, tukakubaliana amalizie kesho yake.

Nikarudi nyumbani kwa miguu, na njia nzima nilikuwa napanga ushahidi. Nikakumbuka kandambili yangu. Kwa miezi sasa, kandambili yangu ya kushoto ilikuwa na tabia ya kupotea. Mara niliikuta chini ya kiti cha dereva, na sikumbuki kuiacha huko. Mara niliikuta uani, karibu na mlango wa yule mpangaji wa miwani ambaye kila akimwona wifi yako anaacha hata kufua ili amsalimu vizuri. Nilikuwa nimelipuuza jambo hilo. Sasa likanijia zima zima: kuna mtu anavaa viatu vyangu, na anapanda gari langu. Kikulacho ki nguoni mwako, dada. Nilisema hivyo peke yangu barabarani, na muuza magazeti akageuka kunitazama.

Sitakuficha nilivyofanya. Niliingia, wifi yako alikuwa kwenye cherehani, nikaiweka ile kandambili juu ya shuka jeupe alilokuwa akilishona. Nikamwambia fundi ameshasema, mguu umeonekana, kilichobaki ni yeye kutaja mwenye mguu. Nikamtaja na mpangaji. Aliinyanyua kandambili akaiweka chini. Akakagua shuka kama limeingia uchafu. Halafu akasema kwamba miaka yote hii alidhani ameolewa na mtu, kumbe ameolewa na lango. Kesho, akasema, twende wote, fundi amwambie usoni ni mguu wa nani. Na jibu lolote litakalotoka, yeye akitoka hapo gereji anakwenda kwa mama yake. Hakulia. Ningependa angelia.

Asubuhi tuliongozana. Alikuwa na mkoba wa nguo begani, sikuuliza. Mimi nilivaa mabuti yangu, maana ningepitia kazini. Kimya alikuwa amemaliza: giaboksi imerudi, shafti zimeingia, oili mpya imetiwa, na kamba ya pedali ameirekebisha. Wifi yako alimsalimu kwa heshima, kisha akamwomba arudie mbele yangu aliyosema kuhusu mguu. Kimya alitutazama, akautazama mkoba, nadhani akaelewa ametia moto mahali bila kujua. Akatueleza, na kwake ilikuwa hotuba, kwamba mafundi husema mguu unalala pale dereva anapobadilisha gia kisha asiuondoe mguu kwenye pedali ya klachi. Anauacha umelala pale. Klachi haishiki sawasawa, inasuguana njia nzima, inaungua. Hakuna zaidi ya hapo. Akasema mkitaka kujua ni wa nani, endesheni.

Akaanza wifi yako. Kimya alikaa kiti cha pembeni ameinamisha kichwa, anatazama chini. Walizunguka uwanja wa gereji wakarudi. Akasema mguu wa mama huyu unakaa sakafuni.

Nikaingia mimi. Nilikuwa na uhakika wangu wote, dada, uhakika wa miaka ya langoni. Nikatia gia ya kwanza, nikaachia, tukaenda. Nikatia ya pili. Kimya akaniambia niondoe mguu. Nikamwambia nimeshaondoa. Akaniambia tena, kwa upole, mzee, ondoa mguu. Nikakasirika, nikamwambia mguu uko sakafuni, mimi ndiye mwenye mguu na mimi ndiye ninayejua ulipo.  Akainama, akapigapiga buti langu kwa kidole, kisha akangoja. Mimi sikuhisi kitu. Ikanibidi nitazame. Mguu wangu wa kushoto ulikuwa juu ya pedali, umetulia kama wa mtu mwingine.

Nikasimamisha gari pale pale katikati ya uwanja. Wifi yako alikuja akafungua mlango, akanitazama usoni, sijui aliona nini, akauweka mkoba chini. Akapiga magoti akalivuta lile buti. Kikaanguka kitu, kikalia kwenye saruji. Ilikuwa ile bolti. Mabuti ya ghalani yana mdomo mpana, nawe unakumbuka nilivyokaa nimekiwekea kisahani mguu nisije nikaibiwa. Nilikuwa nimeikanyaga njia yote ya kwenda nyumbani, na nikaikanyaga tena asubuhi hiyo. Soksi ilikuwa imelowa damu chini ya kisigino, nami sikuwa nimechechemea hata hatua moja. Kimya aliiokota, akaifuta, akaitia kwenye kopo lake. Hakugeuza mifuko mara hii.

Hapo ndipo nilipomkumbuka Mama, na najua wewe umemkumbuka tangu uliposoma habari za kandambili. Tulivyokuwa tunamcheka alipokuwa anatoka nje na kiatu kimoja, naye anasema viatu vya siku hizi havina adabu. Ni wewe uliyekuwa unamwosha kile kidonda. Ni wewe uliyekuwa naye siku walipomkata mguu. Mimi nilikuwa mdogo, nikawa natumwa nje nikachote maji.

Tumekwenda zahanati. Ni sukari, kama yake, na inaelekea imekaa nami muda mrefu. Kidonda wanakisafisha, na hawataki kuniahidi lolote kuhusu mguu. Gari sasa anaendesha wifi yako, na asubuhi ananishusha langoni kama mtoto wa shule. Kwa mama yake hakwenda. Nilimwomba msamaha, akasema ataufikiria, na mpaka leo anaufikiria. Mpangaji wa miwani nilikwenda kumsalimu mwenyewe, akashtuka sana. Kumbe kandambili ilinitoka pale bombani, karibu na mlango wake, nilipokwenda kuchota maji, nikaendelea na safari.

Sasa zamu ya kukaguliwa ni yangu. Kila jioni, baada ya kula, wifi yako ananikalisha kitandani, anachukua kioo chake anautazama mguu chini na kati ya vidole. Halafu ananiambia nifumbe macho, anagusa mahali, namwambia ni wapi. Kidole gumba, namwambia. Unyayo. Kidole cha mwisho. Naye anaitikia, anasema haya, vizuri, na naona anapata moyo wa kulala.

Dada, nabahatisha. Nasikiliza kitanda kinavyolia na mkono wake ulivyokaa, nakisia. Jana nilimwambia ni kidole gumba, akakawia kuitikia. Nikafumbua jicho kidogo. Mikono yake yote miwili ilikuwa usoni kwake, hakuwa amenigusa popote. Kisha akasema haya, vizuri.

Kwa hiyo nakuandikia wewe uliyemshika mguu Mama. Nataka uniambie ukweli, usinihurumie. Ulipokuwa unamgusa mguu akakujibu ni wapi, naye alikuwa anabahatisha? Na wewe ulikuwa unajua?

Mpe shemeji mkono wangu, wabusu watoto, na ukipata nafasi njoo, hata kwa siku chache. Wifi yako hatakuomba, ila najua anakuhitaji kuliko mimi. Ukifika utaniona langoni, nimekaa, wamenipa kiti.

Ni mimi mdogo wako,
Mkaguzi