Uliniambia Nije Jumanne

Shikamoo mama. Ni mimi, Deo. Nimekaa hapa migombani karibu na kaburi lako, naandikia gotini.

Ile programu ya simu ya kumwita bwana mifugo haijatoka. Nimeizuia mimi. Ofisini kwetu mjini, pale Soweto, wamenuna. Wanune.

Unakumbuka ile Jumapili nje ya kanisa, hapa Kilema? Nilikuja na vijana wanaoitengeneza, tukawapa watu simu za kupangusa wajaribu, watuambie wameionaje. Watu wametoka misani, wamependeza, mikono misafi. Kila mmoja, "Nzuri, mbarikiwe." Nani angemwaibisha mgeni mlangoni pa kanisa? Ukafika wewe.

"Deo, hii ni ya watu wasiokamua. Njoo Jumanne nikiwa na ng'ombe, uone kama itanisikia. Kitochi changu cha vitufe nakibonyeza hata na kidole chenye mavi, na kinaita."

Vijana wakanitazama. Nikaona aibu, nikacheka. "Huyu mama yangu, asipolalamika anaumwa." Wakacheka na wao. Maneno yako hawakuyaandika. Ukakaza kanga yako ukaondoka.

Jumanne sikuja. Wala Jumanne iliyofuata. Nilikuja kukuzika.

Nisamehe... hapana, ngoja kwanza nikueleze.

Baada ya matanga nilibaki kumkamua Neema, ng'ombe wako, maana shemeji, mkamwana wako, alikuwa amechoka na wageni. Nikiwa katikati ya kukamua, naona tumbo limemjaa gesi, anahema, miguu inatetemeka. Nikatoa simu ya ofisi, programu yetu imo ndani. Mikono yote maziwa na mavi. Nagusa, haisikii. Nafuta kwenye suruali, nagusa tena, inafungua kitu kingine kabisa. Yesu na Maria! Mama, niligusa mpaka na pua. Mwisho nikakimbilia kitochi chako pale dirishani, kumbe bado kina chaji, nikampigia bwana mifugo. Akawahi. Neema yuko hapo anatafuna, ananiangalia kama ulivyokuwa unaniangalia wewe.

Niliporudi ofisini nikawaambia, yale maoni tuliyokusanya ni ya Jumapili, ng'ombe hawakamuliwi na watu waliovaa suti. Bosi akasema, "Mzee Deo, pole na msiba, lakini wafugaji wameshasema ni nzuri." Nikamwambia, wale walikuwa wanatusalimia tu. Anataka nisaini kwamba wafugaji wameridhika. Sisaini! Akitaka anifukuze, migomba ipo. Nilikuzima wewe mbele za watu ili nionekane mtu wa ofisi. Sirudii.

Na wale vijana nimewaleta bandani kwako Jumanne hii, na raba zao nyeupe. Nikawaambia, kamueni kwanza, halafu ndiyo mshike simu. Mmoja kala teke. Shemeji alicheka mpaka akakaa chini, mara ya kwanza tangu uondoke. Safari hii waliandika kila kitu. Wameanza kutengeneza ya kitochi, unabonyeza namba tu, bwana mifugo anajua ni boma gani. Bosi hajakubali bado. Atakubali, au atanikuta mlangoni kila asubuhi.

Sasa ndiyo nakuomba, mama. Nisamehe kwa kile kicheko.

Haitatoka mpaka ifanye kazi kwenye hiki kitochi chako, kwa kidole kichafu, na kidole chenyewe kitakuwa changu. Lala salama. Jumanne nakuja.