Mistari Aliyoichora Bibi Ukutani

Kisesa, Mwanza

Mjukuu wangu Neema,

Habari za Dodoma? Usicheke nikikuita mjukuu nami niko kidato cha tatu; babu yako ni kaka yangu mkubwa, basi mimi ni bibi. Huku tu wazima, na pamba imeanza kupasuka.

Umeuliza macho yako umeyarithi kwa nani, na ukasema hutaki kuvaa miwani kwa sababu wenzako wataona unaringa.

Mwaka jana mpimaji wa macho alikuja shuleni na picha ya mistari iliyotandazwa kama miali ya jua. Ya kusimama niliiona vizuri, ya kulala ilififia; akasema ni kwa sababu ya umbo la jicho langu. Nilishangaa, nikaichora kwa mkaa ukutani nyumbani.

Mama aliiona yote sawa. Baba alikunja uso, akainamisha kichwa.

"Hii ya kulala umeichora kwa mkaa mbovu."

"Ni mkaa uleule, baba."

Unajua watu husema ukoo wetu una dharau, maana tunamkazia mtu macho kabla ya kumsalimia. Kumbe tulikuwa tunatafuta ni nani.

Kitabu cha biolojia kinasema umbo la jicho hurithiwa kama la pua, ingawa si kila mtoto hulipata. Kwa nini mimi na wewe, bado nauliza.

Baba sasa ana miwani. Jana alimsalimia jirani aliyekuwa ng'ambo ya barabara. Jirani akageuka nyuma kutazama anayesalimiwa ni nani.

Vaa yako, mjukuu.

Bibi yako,
Kabula