Runinga Ilipozimwa, Jirani Akaacha Kuja

Jumapili, Februari 2015. Kimumu, Eldoret.

Jua la leo limechoma tangu asubuhi, na vumbi limeingia hadi kwenye mkebe wa sukari. Nimerudi kanisani na hasira na bado ninayo. Mhubiri alihubiri juu ya subira. Mimi yangu imeisha.

Runinga yetu imezimwa. Sikusema imeharibika, nimesema imezimwa. Wakubwa huko Nairobi wameamua mitambo ya analogi ifungwe, na anayetaka kuona picha anunue king'amuzi. Stesheni kubwa nazo zikabishana na serikali, wakapelekana mahakamani, mwishowe zikapotea hewani. Ukiwasha runinga ya Mama unaona vidoti vyeupe vikirukaruka, na unasikia mlio kama wa mahindi yanayokaangwa. Hata waliokimbilia kununua ving'amuzi wanalalamika kuwa wanachotaka kuona hakimo.

Eti tunahamia dijitali. Hivyo ndivyo tangazo lilivyosema, na familia moja safi ikicheka kwenye kochi. Aliyechagua neno kuhama angekuja kwanza Eldoret atuulize tunalisikiaje.

Na si mara ya kwanza kutufungia dirisha. Wakati wa vurugu za uchaguzi wa 2007 serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja, watu wa huku wakabaki kukisia kinachoendelea kwa kutazama moshi. Naona wakubwa wetu wakikosa la kufanya, wanatafuta swichi.

Lakini hasira yangu ya leo ni ya hapa nyumbani.

Mama yangu ni Mkalenjin wa Moiben aliyeolewa huku Kimumu. Mama Wambui, mwenye duka ng'ambo ya ua wetu, ni Mkikuyu. Wazazi wake walikuja huku kutoka Murang'a kabla yeye hajazaliwa. Kabla ya uchaguzi wa 2007 hawa wawili walikuwa wakiazimana hata sufuria. Kisha Desemba ile watu wakaanza kupunguza kutembeleana. Hakuna aliyegombana na mwenzake. Jirani hakuja leo, kesho yake hakuja, na kufikia Januari duka la Mama Wambui lilikuwa majivu, mwenyewe yuko kambini ndani ya hema.

Tangu hapo, jirani asipoonekana siku mbili hatudhani ana homa.

Alirudi vurugu zilipokwisha, akajenga duka upya. Salamu zao zilikuwa za juu juu. Hakuna aliyeomba msamaha, na hakuna aliyeulizwa. Kilichowarudisha pamoja ni taarifa ya habari ya saa moja, kwa sababu runinga yake iliteketea na duka. Jioni moja Mama alisimama uani akapaza sauti kana kwamba anaita kuku: "Mama Wambui! Habari zinaanza!" Naye akaja, na mkate mkononi. Tangu siku hiyo hakukosa. Walikuwa wakinywa chai ya maziwa na kuwatukana wabunge wa pande zote bila ubaguzi wowote.

Hapa kwetu, baada ya yale yaliyotokea, mtu haendi tu kukaa kwa jirani wa kabila lingine. Lazima awe na sababu. Habari ndiyo iliyokuwa sababu yao, na ndiyo waliyoizima wakubwa wa Nairobi.

Jioni ya kwanza bila picha Mama alipika chai ya watu watatu, akangoja. Mama Wambui hakuja. Jioni iliyofuata hakuja. Baadaye Mama akaanza kupika chai ya watu wawili, na sukari akawa ananituma niifuate duka la mbali, la kule kwa lami. Sikumuuliza kwa nini. Nilijua, na niliogopa.

Leo nikitoka kanisani nimeshindwa kuvumilia, nikaingia dukani kwa Mama Wambui. Nilimkuta akishusha vitu kutoka rafu ya juu na kuvipanga kwenye maboksi. Aliitikia salamu bila kunitazama.

"Mnaenjoy decoder yenu?"

"Decoder gani, Mama Wambui? King'amuzi hatuna."

"Chebet, mimi si kipofu. Nimeona mjomba wako huko juu kwa paa akifunga waya. Mkaona afadhali muone habari peke yenu. Ni sawa. Dada yangu ananiambia nihamie kwake Thika kabla vitu hazijaharibika tena, na mimi nimeanza kupack."

Mjomba alipanda paani kweli. Alituletea maziwa kutoka Moiben, akajitapa kuwa anajua kurekebisha. Akazungusha antena ya zamani, akaifungia kifuniko cha sufuria kwa waya, asipate chochote. Kumbe mama wa watu alikitazama kifuniko cha sufuria akadhani ni antena ya king'amuzi, akaona Januari inarudi. Na mama yangu naye, kwa kiti kilichobaki kitupu, aliona hiyo hiyo. Nilitaka kucheka, nikajikuta nalia mbele ya mikate.

Nilikimbia nyumbani nikamweleza Mama. Alijifuta mikono kwenye leso, akaniambia nibebe thamosi na vikombe, akavuka ua. Ilikuwa mchana kweupe, hakuna habari wala kisingizio. Aliketi juu ya kreti ya soda katikati ya yale maboksi.

Niliwamiminia chai. Hapo nikaelewa kitu ambacho sikuwa nimekiona miaka yote hii. Hawa wanawake walikuwa wakikaa pamoja kila jioni macho yakiwa kwenye runinga. Sasa kila mmoja hakuwa na pa kutazama ila usoni mwa mwenzake.

Mama Wambui ndiye aliyeanza.

"Ile usiku walichoma duka, nilibisha kwako."

"Nilisikia," Mama akasema.

"Nilikuwa nimebeba Wambui kwa mgongo."

"Nilisikia akilia. Niliogopa, Mama Wambui. Nilikuwa nimeshikilia mlango kutoka ndani."

Mimi wakati huo nilikuwa chuoni, sikuwahi kuambiwa. Nilisimama na ile thamosi nisijue niiweke wapi. Nilidhani Mama Wambui atatufukuza. Kisha akasukuma kikombe chake kwangu, akasema nimwongeze chai. Maboksi hakuyafungua. Tulipoinuka alisema kesho tuje tena, kwa maana hajamaliza.

Serikali isidhani nimeisamehe. Ilibaki kidogo tu mama wa watu ahame mara ya pili kwa sababu ya amri ya mtu asiyejua Kimumu iko wapi, na kama atabaki hata sasa sijui. Sifa ya chai ya leo isijipe.

Jioni hii Mama ameniuliza kama kesho nitapitia mjini kununua king'amuzi, kwa kuwa pesa tumeshaweka. Nimemwambia nimeulizia, vimekwisha Eldoret nzima.

Vimejaa. Vinauzwa hadi kwenye mikokoteni.